Folda Isiyofutika

Skana ya bohari, kifaa cha kusomea lebo za mizigo, iliwaka asubuhi hiyo ikinuka majivu mabichi. Bwana Najua, msimamizi, aliinusa, akaipangusa kwenye suruali, akaendelea na kazi. Mwingine angejiuliza. Yeye aliona kujiuliza ni shughuli ya wasiojua, ndiyo maana wapakizi walimbandika jina hilo, naye kwa upumbavu wake akadhani ni sifa.

Skana ile ya mkononi ukiizima na kuiwasha husahau kila kitu, isipokuwa mafaili yaliyo kwenye folda moja tu. Humo alihifadhi mipangilio yake. Sasa mlikuwa na faili la sauti asilolitambua. Alipolifungua, msichana mdogo alicheka, akasema, "Baba, nibebe."

Jioni binti yake alimkimbilia mlangoni.

"Baba, nibebe. Niite lile jina langu la utani."

Alilitafuta kichwani. Jina halikuwepo.

Tangu hapo, kila skana ilipowashwa faili moja liliongezeka na kitu kimoja kikamtoka kichwani, mara sauti ya marehemu mama yake, mara sura ya kaka yake, hadi akawa anatembea kati ya rafu mchana kweupe huku harufu ya majivu ikimfuata na mtu asiyeonekana akipumua kando ya sikio lake, taratibu, akisubiri kidole kibonyeze kitufe. Na mpumbavu yule alibonyeza, kwa kuwa kumwambia mtu kwamba anaogopa kungemvunjia hadhi.

Mkewe, aliyemwona akisahau hata ndugu zake na kurudi kutoka kazini akinuka majivu, ndiye aliyemleta mganga boharini. Mganga aliishika skana kwa ncha za vidole.

"Jini huyu amepata makao yasiyofagiliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Futa vyote vilivyo kwenye hiyo folda. Usibakize hata kimoja. Akikosa pa kukaa, vyako vitakurudia."

"Umesikia, baba watoto?" mkewe alinong'ona.

"Nimesikia. Mashine hizi nazijua."

Alizijua kweli. Alijua kwamba akifuta folda atalazimika kuandika mipangilio upya, kazi ya asubuhi nzima, na uvivu wake haukukubali. Basi akanakili folda yote, jini na vyote, kwenye kompyuta ya ofisini, kisha ndipo akafuta. Mganga alisoma maneno yake, harufu ikakatika, mke akalia kwa furaha na kutangulia nyumbani. Walipoondoka tu, Bwana Najua alirudisha nakala yake palepale ilipokuwa, akazima skana, akaiwasha, kisha akaizima tena na kuiacha mezani.

Miguu ilimfikisha nyumbani kwa mazoea, jua likiwa bado juu. Mwanamke alifungua mlango, mtoto amemshika sketi.

"Limekwisha kabisa, baba watoto?"

"Samahani, mama," alijibu, kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani. "Hapa ni kwa nani?"

Boharini, skana iliyozimwa iliwaka yenyewe mezani. Wapakizi waliisikia ikiongea kwa sauti ya msimamizi wao.

"Mama watoto, nifungulie. Ni mimi."