Kadi ya Nusu Bei

Dalali alikuwa amepanda juu ya dawati, shati limemlowa jasho mgongoni, akinadi kompyuta kuukuu za chuo kimoja cha biashara kilichokuwa kinafungwa mjini Machakos. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, mwaka wa elfu mbili na sita, na ua mzima ulifurika watu: wenye saiba za intaneti, walimu, hata akina mama waliokuwa wakipita na vikapu vya maembe wakasimama kuona. Kavindu alikuwa mbele kabisa, katika sketi ya kijani na blauzi nyeupe ya kazini, nywele kazifunga kwa kitambaa cha manjano. Macho yake hayakubanduka kwenye mashine moja nyeusi, nyembamba, iliyong'aa kuliko zote.

"Elfu saba! Nani nane?" dalali alipaza sauti.

Kavindu akainua mkono.

"Wacha hiyo," sauti ikasema kando yake, taratibu. "Haina mahali pa kuchomeka kadi ya picha."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, koti la kahawia la kodroi lililochakaa viwikoni, mikono mfukoni, uso mtulivu.

"Kwani na wewe unaitaka?"

"Mimi? Hata ya bure siitaki."

"Na nani amekuambia nataka kuweka kadi?"

"Umeinama kuangalia nyuma yake mara tatu. Mtu wa kuandika barua haangalii nyuma. Unataka kucheza mchezo gani?"

Kavindu akashusha mkono. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mpimaji wa damu katika maabara ya zahanati moja karibu na stendi, na hapakuwa na mtu kazini aliyejua kwamba akitoka huenda saiba kucheza, vijana wakimkodolea macho kama mtu aliyepotea njia.

"Mbio za magari," alisema, akiona haya kidogo.

"Basi na hiyo mashine ungekimbia kama punda wa Kivaa."

"Mimi ni wa Kivaa."

Yule bwana akafumba macho. "Aki pole."

"Na punda wetu wanakimbia," Kavindu akaongeza, kisha akacheka mpaka dalali akamtazama vibaya.

Hivyo ndivyo alivyofahamiana na Muigai, fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya posta. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara Matuu. Yeye alikuja Machakos kusomea ufundi akanogewa na mji, na milima ya Iveti ile, akabaki.

Jumamosi iliyofuata Kavindu alimpelekea karatasi aliyoandika vitu anavyotaka. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika, na alikuwa na elfu ishirini na tano, si zaidi. Muigai aliisoma akitafuna kalamu.

"Prosesa umeweka ya bei kali hivi ya nini?"

"Ndiyo watu wanasifu."

"Wanasifu jina. Magari yako yatakimbizwa na kadi ya picha. Tupunguze huku, tuongeze kule. Na hii kesi, hili kasha la taa za buluu?"

"Ni nzuri, bana."

"Ni nzuri, lakini taa hazikimbizi gari." Alimwona ameinamisha uso, akalainisha sauti. "Tutaweka taa siku nyingine. Ile tusiyoweza kuinyima pesa ni pawa saplai, ya kuipa mashine umeme. Ukinunua ya bei rahisi, siku moja itapasuka na kila kitu."

Wakaanza kukusanya, kitu kimoja kila Jumamosi. Kwanza kesi, ya kijivu isiyo na umbo la kupendeza, lakini pana. Halafu bodi, ambayo Muigai alimfundisha kuitambua kwa nafasi ya kadi. Halafu memori, mbili zinazofanana. Kavindu alilipa kila kitu mwenyewe, hata soda walizokunywa alilipa yake.

"Wewe mtu akikununulia soda inakuuma tumbo?" Muigai aliuliza siku moja.

Ndipo akamweleza habari za Maundu. Maundu alikuwa mchumba wake miaka miwili iliyopita. Alimnunulia viatu, akamnunulia simu, na siku walipokosana alikuja zahanati kuidai ile simu mbele ya wagonjwa. Kavindu aliitoa kadi ya laini, akamkabidhi simu yake, akarudi kupima damu.

"Tangu siku hiyo, nikishika kitu nataka kujua ni changu," alisema.

Jioni hiyo Muigai alimpigia simu.

"Umefika?"

"Nimefika. Kwani wewe ni mlinzi?"

"Nilikuwa nataka kusikia tu. Lala salama, wakwa."

"Umesema nini hapo mwisho?"

"Ni Kikuyu. Maana yake, wangu."

"Najua maana yake. Hata kwa Kikamba ni hivyo hivyo." Akazima taa. "Lala salama na wewe, wakwa."

Prosesa, pawa saplai na skrini vilipopatikana, ikabaki kadi. Madukani ilikuwa elfu kumi na moja, na Kavindu alikuwa amebakiwa na tano na nusu. Alikuwa tayari kungoja mpaka Desemba. Lakini katikati ya wiki Muigai alipiga simu, sauti imechangamka: amepata moja Nairobi kwa mtu anayehama, elfu tano na nusu.

Jumamosi hiyo waliichomeka pamoja kibandani. Kavindu mwenyewe ndiye aliyekaza skrubu. Feni ikazunguka, skrini ikawaka, na barabara ikatokea mbele yake, yenye miti, jua na vivuli vyake, laini kuliko alivyowahi kuiona saiba. Alicheza mpaka Muigai akafunga nusu ya mlango. Bega la Kavindu liligusa lile koti la kodroi na hakuna aliyelisogeza.

Wiki mbili baadaye, saa ya chakula cha mchana, alipita kibandani na mahamri ya moto. Muigai hakuwapo. Katunge, mama aliyeuza vitambaa kibanda cha pili, ndiye aliyekuwa akimwangalizia.

"Kaa, mwanangu, anarudi saa hii. Siku hizi hata hachezi magari yake. Tangu akutolee ile kadi, mashine yake imekaa tu hivyo."

Kavindu akageuka. Kompyuta ya Muigai ilikuwa imefunguliwa ubavu, na pale pa kadi palikuwa na tundu tupu.

Muigai aliporudi alimkuta amesimama, mahamri yamepoa mkononi.

"Ile kadi ilitoka Nairobi?"

Muigai alitazama tundu, akamtazama Katunge, ambaye ghafla alikumbuka ana mteja. "Hapana," alisema.

"Ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu. Nikakuuzia. Sikukupa bure, Kavindu."

"Kwa nusu bei, na uongo juu! Nilikueleza mambo yangu ukae chini unionee huruma?"

"Si huruma."

"Basi ni nini?"

Kavindu aliyaweka mahamri mezani, akaondoka. Jumatatu Katunge alimkabidhi Muigai kadi ile, aliyoachiwa na Kavindu, imefungwa vizuri kwa gazeti, na skrubu yake kwenye kibahasha. Pesa zake, Kavindu alimwambia Katunge, atazichukua siku nyingine.

Muigai alipiga simu siku tatu mfululizo. Ya nne akaacha. Kavindu alijiambia ni afadhali, akarudi saiba, akacheza nusu saa na kuondoka kabla muda haujaisha. Barabara ilikuwa ile ile, ila yeye ndiye hakuwa na hamu ya kufika.

Siku ya kumi na mbili, akiwa maabara, nesi alimwingizia mgonjwa wa homa. Alikuwa Muigai, midomo imemkauka, koti kalifunga mpaka shingoni juani.

"Zahanati ni nyingi Machakos," Kavindu alisema bila kumtazama.

"Najua. Nimepita mbili."

Ilibidi amshike mkono. Ulikuwa wa moto. Akakipangusa kidole kwa pamba, akakidunga, akakikamua tone juu ya kioo. Alipomaliza, hakukiachilia mara moja.

"Nilidanganya," Muigai alisema. "Niliogopa nikikuambia ukweli utasema hapana."

"Ningesema hapana."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Lakini hiyo hapana ilikuwa yangu, Muigai. Uliichukua kabla sijaisema. Maundu alikuwa ananinyang'anya vitu. Wewe ulininyang'anya neno."

Muigai aliinamisha kichwa. "Hilo sikulifikiria," alisema. "Kweli kabisa, sikulifikiria. Nisamehe."

Kavindu aliisogeza hadubini, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Una malaria," alisema, sauti imelegea. "Umeze dawa zote. Na unipigie jioni niambie kama umekula."

Alipiga jioni. Alikuwa amekula uji. Kesho yake, ugali kidogo.

Jumamosi ya pili watu wa nyuma ya posta waliona mkokoteni ukisimama mbele ya kibanda. Juu yake kulikuwa na kesi ya kijivu na skrini iliyofunikwa leso. Kavindu alitembea nyuma yake, katika gauni la maua ya zambarau ambalo Muigai hakuwa amewahi kuliona.

"Imeharibika?" Muigai aliuliza, akiinuka haraka.

"Iko sawa. Sikia, usinikatize. Wewe uko na kadi na mashine yako ni mzee. Mimi niko na bodi na memori mpya. Ile pesa yangu iliyo kwako ni nusu ya bei ya kweli ya kadi, basi nusu yake ni yangu na nusu yako. Tuunde moja."

Muigai alicheka, kisha akaacha kucheka. "Moja itakaa wapi? Kwako au kwangu?"

"Unauliza mashine au unauliza kitu kingine?"

"Nauliza vyote."

Kavindu alichukua bisibisi mezani, akaanza kufungua kesi. "Kivaa kwetu, mtu akiuliza hivyo huanza na wazee. Na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa posa."

"Kesho nampigia baba."

"Kesho ni Jumapili. Si atakuwa kanisani?"

Muigai akatoa simu papo hapo. Kavindu alisikia ikiita, kisha sauti nzito ya mzee, na Muigai akieleza kwa Kikuyu, mbiombio, akijikwaa. Jina lake mwenyewe alilisikia mara mbili, na Kivaa mara moja. Halafu Muigai akaishusha simu kifuani.

"Anauliza kama umekubali," alisema. "Nimemwambia siwezi kukujibia."

Kavindu aliiweka bisibisi chini, akapangusa mikono kwenye leso, akanyoosha mkono apewe simu.

"Shikamoo, baba," alisema. "Ni mimi Kavindu. Ndiyo, nimekubali."