Kivinjari cha Meneja

Kompyuta ya Meneja ilifaulu mtihani ambao haikupaswa kufaulu.

Fundi wa mtandao alikuwa amepita meza zote tangu asubuhi, akifungua ukurasa uleule kupima kama vivinjari vinazifikia anwani mpya za intaneti, maana za zamani zimekwisha. Kote jibu lilikuwa moja: hakifiki. Hakukuwa na ajabu, laini mpya ilikuwa bado haijaunganishwa. Kwa Meneja, ukurasa ulijibu: kimefika.

"Si nilikwambia mashine yangu kiboko?" Meneja alijigamba.

Fundi alichomoa waya wa mtandao, akapima tena. Kimefika. Ndipo ikaingia harufu ya waya ulioungua, na fundi, mwanamke wa makamo, akaitambua. Ndiyo harufu aliyoikuta kwenye shati la kaka yake.

Kaka mtu ndiye aliyekuwa fundi wa ofisi hii kabla yake. Mafundi wa hapo wana sheria yao: ukishika nyaya, zima umeme, tundika kitambaa chekundu kwenye swichi kuu, na aliyekitundika ndiye pekee wa kukitoa. Kaka alikufa ameshika nyaya. Meneja akaapa hapakuwa na kitambaa, na tangu hapo marehemu anaitwa mzembe. Mama yao hata sokoni haendi kwa aibu. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, ila ya huyu ilikuwa imerefuka mno. Dada alikubali kazi ile akiwa na kisasi moyoni, na hata akisali hakukificha.

"Zima!" Meneja alinong'ona.

"Nimeshazima, bosi."

Skrini iliendelea kuwaka, na pale panapoonyeshwa mgeni ametokea anwani gani pakatokea jina la kaka, kisha swali, NANI ALITOA KITAMBAA, likajirudia mstari chini ya mstari huku viganja visivyoonekana vikipiga kuta, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, mlango ukigoma kufunguka, nywele za Meneja zikianza kunuka moshi, naye akijikunyata chini ya meza na kulia kwa sauti mpaka wafanyakazi wote wakajazana nje wakisikia kila neno.

"Ni mimi! Nilikuwa na wageni, nikataka mtandao urudi haraka. Nilikitoa, nikawasha!"

Fundi alilia kwa uchungu na kwa furaha. Kaka yake hakuwa mzembe. Mlango ukafunguka wenyewe, kumpisha yeye.

"Dada yangu, nisamehe," Meneja alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni marehemu?"

"Marehemu amepumzika. Huyo ni jini wa ukoo wetu. Alimpenda kaka tangu yuko tumboni."

"Basi mwambie aondoke! Si nimeshasema ukweli?"

"Mimi hanisikii." Fundi alikusanya vifaa vyake. "Aliyeweza kumtuliza ni mmoja tu, na wewe ndiye uliyemuua."

Akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake, na wafanyakazi waliouvuta kwa pamoja hawakuweza kuufungua.