Tyubu Zilizofichwa Begini

Asubuhi fundi cherehani aliingia bafuni, akakuta tyubu ya dawa ya meno haipo. Jana tu ilikuwepo, tena ikiwa bado nusu! Alifungua kabati, akatoa ya mwisho.

Mezani alimgeukia mumewe, dereva wa lori, akamuuliza kama siku hizi dawa ya meno anaipaka kwenye mkate. Mume akacheka, akaapa hajui lolote. Binti yao mdogo naye akapata karipio lake, maana huupaka mswaki mzima dawa kama kwenye matangazo. Mama mkwe alitazama tu kikombe chake cha chai.

Mama huyo alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Mpaka siku hiyo nguo zake zilikuwa bado begini. Kila akiambiwa azitundike kabatini, husema, "Kesho, mwanangu." Kesho yenyewe haifiki. Fundi alimpenda, na aliogopa siku moja atabeba begi lake aende zake.

Alipokuwa akifagia chumba cha mama, alilisogeza begi. Mfuko wa pembeni ukafunguka, zikamwagika tyubu za dawa ya meno. Karibu zote zilikuwa bado nzito. Fundi alipandwa na hasira. Kumbe mama anajiwekea akiba ya safari! Lakini alijizuia, akaenda kwa jirani yao, muuguzi wa kliniki ya meno, akamweleza yote.

Muuguzi alisikiliza, kisha akauliza, "Vidole vyake umevitazama?"

Fundi alitazama vidole vyake mwenyewe. Yeye anayepima watu mikono kutwa nzima, ya mama hakuwa ameitazama.

Jioni muuguzi alikuja. Alimwamkia mama shikamoo, akaketi karibu naye, akamshika mikono taratibu. Viungo vilikuwa vimevimba. Fundi alileta zile tyubu, akaziweka mezani. Mama akainamisha kichwa.

"Ikifika nusu siwezi kuiminya," alisema. "Kuitupa naona uchungu. Na nikiomba msaada, mtasema huyu hata mswaki hajiwezi. Mtanichoka."

 Fundi alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nani akuchoke? Mimi nachoka nikiliona begi lako chini ya kitanda."

Muuguzi aliwaacha wafute machozi, kisha akaomba rula ya fundi. Alilaza tyubu mezani, akaweka rula kwenye mkia wake, akamwambia mama abonyeze kwa kiganja, si kwa vidole, na aisukume rula kuelekea mdomo wa tyubu. Mama alisukuma. Dawa ikachungulia. Akasukuma tena, akacheka kama msichana.

Kisha muuguzi akamwita binti. Alimwonyesha kiasi kinachotosha: punje moja ya njegere. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, punje ya mchele inamtosha. Ile ya kujaza mswaki mzima ni ya kuuzia tu, alisema, meno hayaihitaji.

"Na rula ikigota?" binti akauliza.

"Mnaikata tyubu. Ndani hubaki dawa ya siku kadhaa. Kila mtu achotewe kwa kijiko safi, msichovye miswaki humo. Na mkinunua, chukueni tyubu moja kubwa badala ya ndogo nyingi. Tyubu tupu msizichome, moshi wake ni mbaya."

Binti alikimbilia jikoni kutafuta kisu. Fundi akamzuia. Alichukua mkasi wake wa vitambaa, mkasi ambao hata mumewe haruhusiwi kukatia karatasi, akaufuta, akamkatia mama tyubu ya kwanza, ile nyepesi kuliko zote. Mume alitoa macho.

Tyubu za begini ziliwatosha kwa muda mrefu bila kununua nyingine. Pipa la taka likawa jepesi. Tyubu zilizokwisha fundi alizipasua, akaziosha, akashona vijaluba vya sindano na vifungo. Wateja wakaanza kuviulizia.

Asubuhi moja fundi alisikia rula ikikwaruza meza, taratibu, bila haraka. Mama alikuwa akiwaandalia dawa watu wote wa nyumba, punje ya njegere kwenye kila mswaki. Alipomaliza alifuta rula, akamgeukia.

"Mwanangu, una hanga za ziada? Nguo zangu zinajikunja humo begini."