Chukudu ya Hilaire Inazunguka

Hakuna njia ndani ya Goma ambayo chukudu ya Hilaire, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, haijapita. Birere, Katindo, Majengo, mpaka kule juu Kibumba anakotoka akiteremka na magunia ya viazi, kipande cha tairi chini ya kisigino ndiyo breki. Uliza mutu yeyote. Niulize mimi.

Élodie alimsimamisha mbele ya soko la Virunga, pikipiki zikipiga honi kila upande. Alivaa kitenge cha bluu chenye ndege, fulana ya manjano ya kazi, na viatu vyeupe vilivyokwisha kuwa kijivu kwa vumbi la volkano.

"Papa chukudu, mutu wa miguu anapitia wapi hapa?"

"Anapitiaka mu maombi, mama."

Élodie akacheka mpaka akashika gunia. Hilaire hakucheka. Tangu mwaka uliopita uso wake ulikuwa kama duka lililofungwa, mwenyewe yumo ndani.

"Unachekesha watu, na wewe haucheke?"

"Mimi nauzaka tu. Sikulake."

Wakapeana namba, simu za mapenzi zikaanza.

"Sherie, umekula?" Élodie huuliza.

"Nimekula sombe."

"Na nani?"

"Na kijiko." Kisha Élodie hurudia lake: "Utakuja lini kusalimia papa? Kwetu ni barabara moja tu, ng'ambo ya kona kubwa, hauwezi potea."

"Nitakuja."

Hakuja.

Kazi ya Élodie ilikuwa kuuliza wakaaji wanapita wapi, ili miguu na baiskeli zipangiwe nafasi yao. Siku ya mkutano Majengo alichora mtaa mzima chini, uwanjani, kila mmoja akamwaga chokaa pale anapopita kila siku. Hilaire naye akamwaga. Mstari wake uliteremka vizuri, ukafika karibu na kona kubwa, ukakatisha kushoto, ukaingia kichochoro cha mawe matupu ya volkano, ukapita mlangoni kwa Olive, muuza kasiksi, pombe ya ndizi.

Mutu mmoja pale nyuma akasema: "Barabara iko sawa, yeye anarusha viazi juu ya mawe. Kwa Olive kuko nini?"

Uwanja mzima ukacheka. Élodie alicheka kwa meno tu.

Jioni akapiga simu. "Kwetu haufikake. Kwa Olive unafika kila siku."

"Napitaka tu."

"Na barabara ya sawa iko na nini?"

Hilaire alilisikia swali kama mtu anavyosikia redio ya jirani. "Haina kitu."

"Basi bakia na mawe yako."

Akakata. Hilaire akala, akalala, akasukuma viazi. Hakuumia. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila haujui kama upo.

Élodie akaenda kwa Olive mwenyewe, amevaa kwa ugomvi, hereni amezivua. Olive akamwangalia.

"Hilaire? Huyu hajanisalimia hata siku moja. Anapitaka ameinamisha kichwa."

Kesho yake Élodie akamngojea Hilaire pale mstari unapokatisha. "Tupite barabara ya sawa. Mimi na wewe."

Wakaondoka na chukudu. Kwenye kona miguu ya Hilaire ikasimama.

"Hapa," akasema. "Benny, mudogo wangu. Gari kubwa. Alikuwa anatembea pembeni, na pembeni haikuwako."

Alisema kama anayetaja bei ya viazi. Élodie hakulia, hakumkumbatia. Alifungua mfuko wa chokaa, akamwaga mstari kandokando ya lami, upana wa watu wawili.

"Nitawaambia wenye kupanga barabara waanzie hapa," akasema. Akashika pembe moja ya usukani wa chukudu. "Shika ile ingine."

Wakasukuma. Ng'ambo ya kona Hilaire akavuta pumzi, akaitazama mikono yake kana kwamba imerudishwa kutoka safari.

"Papa yako anakunywaka nini?"

"Chai."

"Bahati. Kasiksi ningeombea wapi sasa?"

Hapo Élodie akacheka, safari hii kwa macho.

Ndivyo ninavyoisimulia kila mara, na watu hupenda. Juzi nimeisimulia karibu na sufuria ya Mama Mukabalisa, anakaanga mandazi. Aliniacha mpaka mwisho, akageuza andazi moja polepole.

"Mutu mmoja pale nyuma," akasema. "Siku ile ya chokaa nilikuwa nimekaa pembeni yako, mutoto. Ile sauti ilikuwa yako."