Sanamu Iliyoagizwa Jumatatu

Ilikuwa Jumapili, tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili na dakika saba jioni. Najua kwa sababu niliandika. Tangu Alhamisi nilikuwa naandika kila kitu: nani kasema nini, saa ngapi, amevaa nini. Nasoma famasia mwaka wa nne, nimezoea kupima. Nilidhani nikipima vizuri nitampata Taiwo.

Nilikuwa nimebakiwa na matangazo matatu. Picha ilikuwa ya sisi wawili, maana hatujawahi kupigwa picha kila mtu peke yake, kwa hiyo nilimzungushia Taiwo duara jekundu. AMEPOTEA. Miaka ishirini na miwili. Ndewe ya sikio la kushoto imechanika.

Mimi masikio yangu ni mazima, ila nina kovu chini ya jicho la kushoto. Bila alama hizo hata mama hukosea.

Kwetu Osogbo, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Taiwo, lakini yeye ndiye mdogo. Mkubwa ni Kehinde, aliyebaki nyuma tumboni akamtuma mwenzake aonje dunia kwanza.

Kehinde ni mimi.

Na Alhamisi nilimtuma tena. Shangazi Asabi alikuwa ameniita nikamsaidie kukamua vitambaa anavyotia nili, rangi ya bluu. Nilikuwa na mtihani. "Nenda wewe," nikamwambia Taiwo. "Vaa gauni langu la zamani, lishachafuka hilo." Akacheka. "Sawa, mkubwa. Nikaonje."

Shangazi anasema hakufika kwake. Polisi walisema wasichana hurudi wenyewe, hawakuandika lolote.

Nilibandika tangazo kwenye mlango wa karakana ya Lasisi, mchonga sanamu, kisha nikasukuma pazia ili nimwombe ruhusa, japo nilikuwa nimeshabandika. Ndani umeme hakuna. Redio ndogo ilikuwa ikikoroma. Aliinua kichwa, tezo mkononi.

"Ah, Taiwo! Ingia, ingia. Nilikuwa nasema, hawa watamwacha dada yao apigwe vumbi hapa mpaka lini?"

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Usinikodolee macho hivyo, si mimi niliyemuua," akasema, kisha akajipiga mdomoni. "Samahani. Mke wangu anasema mdomo huu ungechongwa upya. Pole sana, mdogo wangu. Pole kwa msiba wa Kehinde."

Msiba wa Kehinde.

Akafunua kitambaa. Juu ya benchi ilisimama sanamu ya mwanamke, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo. Kwetu pacha akifa huchongewa sanamu. Mama huiogesha, huivika, huilisha maharage, ili aliyekwenda asimwite aliyebaki. Lakini hakuna anayemchongea mtu aliyepotea. Kumchongea ni kusema hatarudi.

"Nani aliagiza?"

"Si shangazi yako Asabi? Kasema mama yenu asiambiwe kwanza, moyo wake si mzima."

"Lini?"

Akaigeuza. Chini ya nyayo, kwa penseli: *Kehinde. Jumatatu, 9.*

Nilisoma mara mbili. Taiwo alipotea Alhamisi, tarehe 12.

"Kaka Lasisi," nilinong'ona, "mimi ndiye Kehinde."

Hakucheka. Aliwasha tochi ya simu, akaisogeza usoni kwangu hadi kwenye kovu. Kisha akanyoosha mkono akaizima redio.

"Basi ndiyo maana," akasema.

"Maana ya nini?"

"Shangazi yako alitaka kovu. Hapa, chini ya jicho, akanionyesha kwa ukucha. Nikalichonga Jumatano. Ijumaa asubuhi... halipo. Nikachonga tena. Jumamosi, halipo. Nikasema labda nimechoka. Lakini sikio..." Akalielekezea kidole. "Sikio sijaligusa kwa patasi. Naapa kwa watoto wangu."

Nikainama. Uso wa sanamu ulikuwa laini kabisa. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika.

Hapo ndipo harufu ilipofika. Nili iliyochacha, majivu, na chini yake kitu kingine, kitamu kidogo, ambacho sikutaka kukipa jina.

"Umeshaipaka nili kichwani?"

"Bado. Nili hupakwa mwisho."

Lakini nywele zake zililowa. Tone moja la bluu lilitembea shingoni, polepole, likafika kifuani, likadondoka kwenye benchi.

Ti.

Nikakumbuka nilichoandika Jumamosi. Tangu mvua zianze, nili ya shangazi ilikuwa imegoma kushika, vitambaa vinatoka vya kijivu, wateja wanamkimbia. Jumamosi vilitoka bluu nzito kama usiku. Wanawake wakampigia vigelegele. Na mimi nilikuwepo. Nilimpongeza.

Lasisi alinishika kifundo cha mkono.

"Nisikilize. Jina lililotajwa kwenye kafara ni lako. Aliyechukuliwa siye mwenye jina. Mpaka mwenzako azikwe, ukiitwa Kehinde usiitike. Na mtu yeyote. Hata mama yako. Umesikia?"

Nilitaka kumuuliza amejuaje. Sikupata nafasi.

Nje, ndara.

Pa... pa... pa...

"Lasisi!" Sauti tamu, ya mtu anayeleta chakula. "Mwanangu yumo humo? Naona tangazo lake mlangoni. Gundi bado mbichi."

Lasisi alifunga macho.

"Kehinde?"

Tangu utotoni nimefundishwa kuitika mkubwa anapoita. Ulimi wangu uliinuka wenyewe. Niliuuma mpaka nikaonja damu.

"Kehinde, mama. Njoo tukakamue. Leo vitambaa ni vingi."

Mkono ukashika pazia. Ulikuwa wa bluu hadi kiwikoni.

"Naam, shangazi."

Si mimi niliyejibu. Si Lasisi, yeye alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Sauti ilitoka kwenye benchi. Ilikuwa na kicheko ndani yake, kile kile cha Alhamisi.

"Ni Taiwo, shangazi. Nimefika."

Mkono ukaachia pazia. Beseni alilobeba likaanguka. Ndara zikakimbia, mbili, kisha moja.

Tulipothubutu kutoka, ndara ya kushoto ilikuwa katikati ya njia. Ndani yake kulikuwa na maji ya bluu.

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nilikuwa kituo cha polisi na mama na Lasisi. Sanamu ilikuwa mapajani mwangu, imefungwa kwa kanga. Shangazi hakulala kwake. Majirani walisema mitungi yake yote ya nili ilikuwa imefunikwa, na mmoja ulikuwa umewekewa jiwe juu.

"Mmeniletea mwanasesere?" sajini akacheka. "Bado hamjakua?"

Lasisi aliigeuza sanamu, akamwonyesha nyayo. Sajini akasoma. Akaniuliza dada yangu alipotea lini. Nikamwambia, na saa yake. Akasoma tena, na safari hii hakucheka. Akawaita vijana wawili waende kwa shangazi, na wachukue majembe. Kisha akavuta karatasi.

"Wewe ndiye pacha yupi? Kehinde?"

Sikuitika.

"Kehinde!"

Chumba kizima kilinigeukia.

"Kehinde, mwanangu," mama akasema, ameushika mkono wangu. "Mjibu baba wa watu."

Nilihisi unyevu mapajani, unapenya kanga, unapenya gauni, baridi. Nikafungua mdomo.

"Mimi ni Taiwo," nikasema.

Mama aliutazama uso wangu. Alilitazama kovu kwa muda mrefu. Vidole vyake vikalegea, halafu, polepole, vikakaza tena.

"Basi aliyepotea ni Kehinde," sajini akasema, akiandika.

"Ndiyo."

Akanigeuzia karatasi. Nilisoma mara mbili, kama kawaida yangu: tarehe sawa, saa sawa, mtaa sawa. Nikatia sahihi.