Nukta ya Kijiji cha Bibi Perina

“Bibi yangu hakuwahi kutamka neno hili maisha yake yote!” Tihana alifoka katikati ya soko la Dolac mjini Zagreb, akimpepea Vjeran kadi usoni. Wauza jibini waliacha kupima, wakasikiliza.

“Punguza sauti, mpenzi.”

“Mpenzi wako nani? Soma!”

Vjeran hakuhitaji kusoma. Aliiandika mwenyewe kiangazi kilichopita, akikusanya maneno ya ramani ya lahaja pwani karibu na Senj: jina la kijiji, jina la Bibi Perina, na neno lake la dhoruba ya baharini. Oluja. Neno la redioni na shuleni.

“Sisi tunasema nevera,” alisema Tihana. “Bibi alikuwa anafungua dirisha anapiga kelele, ‘Nevera! Anueni nguo!’ Nimekua na sauti ile. Ulimuulizaje?”

Vjeran alijikuna shingo ndani ya kola ya koti lake la kodroi. “Nilikuwa nimechoka, kijiji cha nne siku ile. Nikamwambia, ‘Bibi, hii mnaiita oluja, sivyo?’ Akasema ndiyo.”

“Angekukataliaje? Msomi kutoka Zagreb, umekaa mezani kwake unakula tini zake! Kule kwetu mwenyeji hambishii mgeni. Ndiyo maana sisi watafiti tunaeleza mawingu na mawimbi, halafu tunanyamaza mpaka aseme mwenyewe. Si wewe uliyenifundisha?”

Ni yeye. Enzi hizo kazi yote ilikuwa ya kadi za karatasi, na wawili hao walianza kupendana kwenye droo moja, wakipanga maneno ndugu ya dhoruba: burza ya Wapolandi, bouře ya Wacheki, burja ya Warusi, ukoo mmoja ambao wengi wanautoa kwenye mzizi wa kale wa kunguruma. Ikabaki bura ya pwani, upepo wa baridi unaovuma hata anga likiwa safi. Je, ni ndugu wa damu, au ni jina la upepo wa kaskazini lililoachwa na Wagiriki? Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Vjeran alipoona anashindwa, akambusu.

Sasa Bibi Perina alikuwa amefariki tangu Februari, na ramani, yenye nukta moja kwa neno la kila kijiji, ilikuwa inakwenda mtamboni kuchapwa Ijumaa.

“Basi niandike nevera, yaishe,” alisema Vjeran.

“Kwa ushahidi wa nani? Mimi nimesoma, nimekaa mjini miaka kumi. Sihesabiki tena kuwa shahidi wa kijiji.”

“Nukta itabaki tupu, Tihana. Nitaulizwa. Watanitoa kazini.”

“Labda.” Tihana alinyoosha gauni lake la njano, sauti ikashuka. “Ila siwezi kuolewa na mtu aliyemzika bibi yangu na neno la watu wengine mdomoni.”

Vjeran alimtazama, akageuka, akatembea moja kwa moja hadi kibanda cha simu cha posta kumpigia profesa msimamizi wa ramani. Tihana akamfuata, akasimama mlangoni.

“Profesa? Vjeran hapa. Itoe kadi ya Bibi Perina... Hapana, si kosa la mwandiko. Nilimtajia neno mimi mwenyewe... Ndiyo, najua... Ndiyo, Profesa.” Alirudisha mkono wa simu polepole. Masikio yalikuwa mekundu.

“Amesemaje?”

“Kadi inatoka. Kabla ya Ijumaa nilete nyingine, iliyoulizwa sawasawa. Nikishindwa, nukta ibaki tupu na mimi nitafute kazi nyingine.”

Tihana akasema, “Yupo Mzee Zvane, jirani wa Bibi. Hajawahi kuhama kijijini.”

“Basi la Senj linaondoka saa ngapi?”

“Saa nane. Lakini ukimtajia hata herufi moja, Vjeran, nakutupa baharini.”

“Kwani unakuja?”

“Nani atakuonyesha nyumba, mjinga wewe? Nitakaa nje mpaka umalize.”

Kituoni Tihana alimtangulia kwenye dirisha la tiketi, akakata mbili, akapanda, akamwekea nafasi.