Leo Tunashona

Asubuhi hiyo kaka yangu alijimwagia chai ya moto mkononi na hakushtuka. Aliendelea kusoma gazeti huku chai ikichuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Wewe, umekufa ganzi?" nikamuuliza, nikikimbilia taulo.

Akautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa jirani. "Tangu juzi," akasema.

Kaka ni daktari wa upasuaji, na chuoni alikuwa akifundisha anatomia: wanafunzi wanapasua maiti, yeye anawaonyesha mwili ulivyo ndani. Hatukuzaliwa nchi hii. Tulipofika walivikataa vyeti vyake, akasukuma vitanda vya wagonjwa miaka mingi, akarudia mitihani na vijana wa kuwazaa mwenyewe, mpaka wakamrudishia kisu. Ni mtu mgumu. Lakini akimaliza kuongea na Mama kwa simu hujifungia bafuni, akafungulia bomba na kulia, akidhani sisikii. Nasikia kila kitu mimi.

"Umepimwa?"

"Nimepimwa. Hamna kitu." Akashusha sauti. "Ni mkono huuhuu wanaoupasua wanafunzi kwenye maiti pale mezani."

Nikamcheka. Nikamwambia uzee unamnyemelea. Jioni akarudi na kiatu kimoja. Cha pili kilimchomoka njiani, asijue. Siku hiyo walikuwa wamepasua mguu wa kushoto.

Sikucheka tena.

"Ni maiti ya nani?"

"Mgeni, kama sisi. Alifia hapa, hakuna ndugu aliyekuja kumchukua."

"Na kesho wanapasua wapi?"

Kaka akajigusa kifuani.

"Usiende!"

"Nisipokwenda, watapasua na mwalimu mwingine."

Basi tukaenda wote, nikiwa nimeushika mkono usiojua kwamba umeshikwa. Chumba kilikuwa na taa nyeupe na harufu ya dawa inayokaba koo. Maiti ilifunikwa shuka, uso na kifua. Wanafunzi walishavaa glavu.

Kaka akachukua sindano. "Leo hatupasui. Leo tunashona."

Mmoja akaguna. Mkuu wa idara akaitwa, akaja mbio, akamnong'oneza, "Daktari, ukiendelea, hapa hufundishi tena." Kaka hakuinua kichwa. Akashona mkono. Akashona mguu. Alipofunga fundo la mwisho akapiga yowe, akaukumbatia mkono wake. Maumivu yamerudi! Nikalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Kibarua cha kufundisha kikaota nyasi. Cha hospitali kikabaki. Maiti haikuwafaa tena, wakaizika. Nyumbani kaka akaomba chai ya moto, ikamuunguza vidole. Mimi nikacheka hadi mbavu zikauma. Yeye akanitazama tu.

Wiki hiyohiyo akaja binti mmoja, mwanafunzi wake. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, nisamehe. Asubuhi ile niliwahi. Nilianza kifua peke yangu, chini ya shuka. Kidogo tu, kama ukucha. Nikaogopa kusema."

"Hamna neno," akasema kaka.

Binti alipoondoka nikamwambia afungue shati. Upande wa moyo palikuwa na mpasuko mdogo, kama ukucha. Mkavu. Hauna damu. Nikaufinya.

"Hauumi," akasema.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyepokea simu. Nilimwambia kaka jikoni, machozi hadi shingoni. Akasema, "Sawa." Akamalizia chai. Akaingia bafuni, na mimi nikasimama nje nikingoja, naomba Mungu nimsikie analia. Bomba likafunguliwa. Akanawa mikono, akatoka, akaniuliza kama sukari ipo.

Jana nilimwomba anikubalie nimshone. Nikaushona mpasuko ule kwa uzi wake wa upasuaji, kama nilivyomwona yeye akishona. Hakukunja hata uso.

Leo asubuhi nimeukuta uzi kando ya kikombe chake, umekunjwa vizuri. Anasema hajaugusa. Mafundo yangu yote bado yamefungwa.